Sauti Iliyolitangulia Gari

Kwa Rhona Tapsell, msafara ulikuwa mbio za magari zilizong'olewa meno. Hakulisema hilo kwa kunong'ona. Alilisema kila mwaka kwenye uwanja wa maonyesho wa Wilmore, ameegemea gari lake, mbele ya wale wale waliovuka bahari kutoka Melbourne na magari yao yanayong'aa ili waingie msafarani. Unakaa kwenye foleni, unamfuata kiongozi, hakuna anayekupima muda, humpiti mtu, na jioni mnashikana mikono mkipongezana kwa kufika. "Kwa kufika!" alikuwa akisema. "Hata barua hufika, na yenyewe haina miguu."

Basi asubuhi ile ya Aprili ungemwona ungecheka. Rhona mwenyewe, bingwa wa zamani, mwanamke wa miaka sitini na tisa aliyewahi kuitwa mwendawazimu na askari wa trafiki wa nusu ya Tasmania, alikuwa kwenye foleni ya msafara nyuma ya daktari wa meno na mkewe. Hana helmeti. Hana saa. Kaganda kwa baridi ndani ya Datsun yake kuukuu ya rangi ya chungwa, na kwenye kioo cha mbele kabandikiwa kidude cha kumchunga kama mwizi aliyetoka kwa dhamana.

Alikuwa pale kwa ajili ya mtu aliyeketi kiti cha pili.

Athol Viney, mkulima wa viazi, ndiye aliyekuwa mwelekezi wake kwa miaka kumi na minne. Kazi ya mwelekezi ni kumsomea dereva barabara kabla haijafika: kona gani inakuja, kali kiasi gani, inafunga au inafunguka. Umbali wa kufikia kona husomwa kwa mita, na kona yenyewe hupewa namba. Moja ni ile ya kujikunja kabisa, sita unaipita bila kugusa breki. Dereva huendesha kile anachokisikia, maana akingoja kukiona atakuwa amechelewa. Wawili hao walishinda pamoja, wakapinduka pamoja, na wakati mmoja walinuniana wiki nzima kwa ajili ya kona ambayo Athol aliisoma nne na Rhona akashikilia kuwa ni tatu. Watu wa mji walizoea kuulizana kama kuna jambo kati yao. Hapakuwa na jambo. Palikuwa na sauti ya Athol na mikono ya Rhona, na hivyo viliwatosha.

Sasa Athol alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza na funguo, yakafuata majina, na mwezi uliopita lori la maziwa lilimkuta katikati ya barabara kuu akiwa na nguo za kulalia, anatafuta ng'ombe aliokwisha kuwauza zamani. Gwenda, mkewe, alikuwa amefika mwisho wa nguvu zake. Jumatatu Athol angepelekwa kwenye nyumba ya wazee huko Launceston. Rhona alipozipata habari hizo alikaa jikoni kwake mpaka chai ikapoa, kisha akapiga simu.

"Gwenda, niazime mumeo siku moja."

"Umpeleke wapi?"

"Tarleton. Kwenye msafara. Nataka apande ule mlima na mimi, mara ya mwisho, barabara ikiwa imefungwa kama zamani."

"Wewe? Msafara?" Gwenda alicheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi. "Kweli dunia imekwisha. Mchukue. Ila unirudishie mzima, Rhona. Sitaki vipande."

Kiongozi wa msafara, Fergus Mulcahy, alipanda juu ya kreti ya matufaha akapiga makofi. Alikuwa mpole wa miaka arobaini hivi, na kila sheria aliisema kama anaomba radhi.

"Mwendo wa juu kabisa ni mia na thelathini," alisema. "Nasema mia na thelathini, sio mia na thelathini na kitu. Hicho kidude kwenye kioo kinajua, na mimi nakiona kwenye simu yangu. Hakuna kumpita mtu. Hakuna kupima muda, hakuna kusoma kona kwenye madaftari. Sisi ni watalii, jamani. Wenye mashindano wanakuja nyuma yetu. Onyo la kwanza nitakukumbusha. La pili umetoka msafarani siku zote tatu, unaenda kunywa chai na akina mama wa zimamoto."

"Na kuhusu nafasi kati ya magari?" aliuliza daktari wa meno.

"Nafasi!" Fergus akamtupia Rhona jicho. "Usiliachie gari la mbele mpaka likapotea machoni. Ukiachia nafasi tunajua unataka nini. Aliyeiandika sheria hiyo yupo hapa, muulizeni mwenyewe."

Watu wakageuka kumtazama. Ilikuwa kweli. Mwaka ule dereva mwenzake Digby Roe alipokufa kwenye kona ya kiwanda cha mbao, gari lake likiwa limeukumbatia mkaratusi, waandaaji waliwaita madereva wa zamani wasaidie kuandika masharti mapya ya mashindano na ya msafara. Wengine walizungumzia helmeti, wengine mwendo. Rhona ndiye aliyeujua ujanja wa watu wa msafara: unajikokota makusudi, unajitengenezea uwazi mbele yako, halafu unakanyaga mafuta mpaka umfikie mwenzio. Aliupiga marufuku ujanja huo, na hakuwahi kujuta. Yeye na Digby walianza mbio mwaka mmoja.

Athol alikuwa akisikiliza kwa tabasamu la mtu aliyealikwa harusi bila kumjua bwana wala bibi.

"Huyu kijana ni nani?" aliuliza.

"Kiongozi wetu."

"Anaongea sana. Sisi zamu yetu dakika ya ngapi?"

"Hatuna dakika, mzee. Tuko kwenye msafara."

"Msafara?" Athol alikunja uso. "Tumekosa nini?"

Rhona alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Barabara ya Tarleton huanza kwenye malisho ya kondoo, ikapita kiwanda cha zamani cha mbao, ikaingia msituni na kupanda mpaka bwawani kileleni, kisha ikashuka upande wa pili hadi kijiji cha Nettlefold. Watu walikuwa wamekwisha kutoka na viti vyao na chupa za chai, wamejipanga nje ya uzio. Polisi walikuwa wamefunga njia. Rhona alipoiona ile lami tupu, haina trekta wala lori la maziwa, moyo ulimwenda mbio na akajionea haya kidogo, mwanamke wa umri wake. Magari yaliondoka moja moja. Zamu yao ikafika. Akatia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mia mbili," akasema Athol.

Rhona akageuza shingo. Athol alikuwa amekaa wima. Viganja kaviweka mapajani, vimetazama juu, na macho kayainamisha kwenye viganja hivyo.

"Mia mbili, kulia tano, ndefu. Hamsini. Kushoto nne juu ya daraja, usikate kona."

Ilikuwa sauti ile ile, kavu, haina haraka, haina woga. Asubuhi hiyo mezani mtu huyu alimwita binti yake kwa jina la mbwa. Sasa alikuwa akiusoma mlima mzima kutoka kwenye viganja vitupu. Kulia tano ikaja, ndefu kama alivyosema. Likaja daraja. Rhona aliona machozi yake mwenyewe yakimharibia barabara, akayafuta kwa bega, na kimoyomoyo akamlaani kila daktari aliyewahi kusema kwamba Athol ameshaondoka.

"Endelea, mzee!"

"Mimi naendelea. Wewe endesha."

Shida ilianza pale pale kwenye malisho. Athol aliisoma Tarleton kwa mwendo wa zamani, maana ndio aliouhifadhi. Na mbele yao daktari wa meno, mwenye gari la nguvu za kutosha kulima mkoa mzima, alikuwa akishika breki kila alipoona kivuli. Msafara huenda kwa mwendo wa aliye mwoga kuliko wote. Hiyo mia na thelathini waliisikia kwenye hotuba tu. Mshale ulikuwa kwenye sabini. Sauti ikalitangulia gari kwa kona moja, kisha kwa mbili.

"Kushoto tatu, inafunga," akasema Athol, na mbele yao palikuwa na barabara iliyonyooka na kondoo. Akainua macho, akawaona kondoo, akashtuka, akarudi viganjani. "Kushoto tatu, inafunga. Rhona, kushoto tatu!"

"Nakuja."

"Kona iko wapi?"

"Inakuja, Athol. Wewe soma."

"Nitasomaje na wewe hupo?" Sauti ilikuwa imeanza kutetemeka. "Nimekuacha wapi? Rhona? Uko wapi?"

Alikuwa hapo hapo, bega kwa bega naye. Hilo lilimchoma hasa. Alikuwa amemleta huku ili ampate tena, japo kwa nusu saa, na sasa alikuwa akimpoteza mbele ya macho yake kwa sababu ya kwenda polepole. Athol alikwama kwenye ile kushoto tatu, anairudia, anairudia. Rhona akimfikia, angempata. Asipomfikia, angempoteza kabla hata ya Jumatatu.

Rhona akaondoa mguu kwenye mafuta.

Daktari wa meno akaenda zake. Taa zake nyekundu zikawa ndogo, zikapotea nyuma ya kilima. Uwazi ukafunguka mbele ya Datsun, mrefu, mtupu, mtamu. Rhona alijua vizuri sana anachofanya. Kisha akakanyaga.

Datsun ikanguruma kama imeamshwa. "Kushoto tatu, inafunga," na kushoto tatu ikafika, ikafunga. "Sitini, kulia sita," na kulia sita ikapita. "Mgongo wa ng'ombe, mafuta yote, usiachie." Hakuachia. Gari likapaa kidogo juu ya ule mgongo, likatua, na Athol akaanza kujipiga goti kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya enzi zile.

"Hapo! Hapo ndipo, mama! Ulilala njiani?"

"Nilikuwa nakungoja!"

"Usiningoje, mimi sio basi! Mia, kulia tano!"

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wazee husema hivyo, na Rhona angekula kiapo kwamba wamekosea, kwamba ule moshi umerudi kupitia dirishani na kukaa kati yao wawili. Alikuwa akicheka kwa sauti. Alijisikia na miaka thelathini na tano, ana deni benki na hajali.

Kidude kikalia, mlio mmoja mrefu. Mshale ulikuwa umepita mia na hamsini. Redio ikakoroma, ikatoka sauti ya Fergus, ya masikitiko kuliko ya hasira.

"Rhona, hilo ni la kwanza. La pili sitaweza kukusaidia, dada yangu."

Na hapo hapo taa za daktari wa meno zikatokea, karibu mno, mwanzoni mwa kona ya kiwanda cha mbao. Rhona alishindilia breki. Mkanda ukamkaba Athol kifuani. Datsun ikapepesuka mkia, ikajirudi, ikasimama karibu kabisa na bampa ya mwenzake, na ikaendelea kutambaa. Upande wa Athol ulipita mkaratusi wa Digby, una kovu jeupe mpaka leo, na mtu fulani huufungia maua kila mwaka.

Rhona alirudi gia ya pili. Onyo halikumshtua, angepewa maonyo kumi asingejali. Kilichomshtua ni kwamba kwa dakika ile moja alikuwa tayari kumrudishia Gwenda vile vipande. Barabara hii ilikuwa imekwishamla mtu mwenye mikono mizuri kuliko ya kwake.

"Kulia mbili," Athol alikuwa akiendelea, yeye tayari yuko msituni, "inafuatana na kushoto mbili, kuna unyevu..." Akasita. "Rhona?"

"Athol, nisikilize." Alimwekea mkono juu ya kile kiganja kitupu. "Leo wewe tangulia. Soma mpaka mwisho, usinisubiri. Mimi nakuja nyuma yako."

"Utapotea."

"Nimewahi kupotea nikikusikia?"

Athol alilipima swali hilo kama mkulima aliyetajiwa bei. "Hapana," akakubali. "Mara moja tu. Ile kona ya nne."

"Ilikuwa tatu."

"Ilikuwa nne, Rhona."

Basi akaenda. Sauti ikapanda msitu peke yake, kona baada ya kona, bila kujikwaa, na Rhona akabaki nyuma ya daktari wa meno kwenye hamsini, chini ya kangaga na maji yanayodondoka. Alimsikia akifika bwawani wakati wao bado wako kona za kwanza za mlima. Alimsikia akivuka kilele. Alimsikia akishuka upande wa pili, ana furaha, anahimiza, "ongeza, ongeza, inafunguka," akimhimiza Rhona mwingine wa miaka mingine aliyekuwa pamoja naye huko mbele. Rhona huyu wa sasa alimwonea wivu yule mwenzake. Aliona uchungu, uchungu hasa wa kuachwa, na akaelewa kwamba Jumatatu itakuwa hivi hivi, na kila siku baada ya Jumatatu.

"Mia, kushoto tano, hamsini, bendera." Athol akafunga viganja vyake. "Tumemaliza. Umeendesha vizuri leo."

"Asante, mzee. Na wewe umesoma vizuri."

Mlima wenyewe ulikuwa umebaki zaidi ya nusu.

Athol hakuwa na kazi tena. Akapumua, akainua kichwa, akatazama nje.

Ni lazima ujue kwamba mwelekezi haioni barabara. Miaka yote kumi na minne macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Angeinua uso mara moja angepoteza mstari, na dereva angepoteza zaidi ya mstari. Tarleton aliijua kwa namba, na kwa makalio yake, jinsi kiti kilivyomsukuma huku na huku. Kwa macho hakuwahi kuijua.

"Heee," akasema Athol.

Kangaga zilisimama pande zote mbili, ndefu kuliko nyumba, na jua lilikuwa likipenya kwa juu na kuangukia lami vipande vipande. Maji yalikuwa yakiteremka kwenye mwamba ulioota kuvu la kijani. Athol akazungusha mkono wa kioo mpaka chini, baridi ikaingia na harufu ya udongo na majani mabichi.

"Rhona, hapa ni wapi?"

"Tarleton."

"Acha utani. Tarleton naijua mimi." Akatoa kichwa nje kama mbwa wa shamba. "Pazuri namna hii! Nani anaishi huku?"

"Hakuna mtu. Ndege tu."

"Punguza kidogo."

Kwa miaka kumi na minne Rhona hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa Athol. Alichozoea kusikia ni ongeza, usiachie, na siku ile walipopinduka, Mungu wangu. Akapunguza.

"Punguza tena. Yule mwenye kifua chekundu ni ndege gani?"

"Sijui, mzee. Na mimi sijawahi kumwona."

Daktari wa meno akaanza kutangulia. Nyuma, magari mawili yalibanana kwenye kioo, na nyuma yao gari la kufagia, lile linalohakikisha hakuna aliyebaki, likaanza kuwasha taa na kuzima.

"Rhona," redio ikasema, "unaachia nafasi."

"Najua, Fergus."

"Rhona, nakuomba. Wenye mashindano wameshavaa helmeti, wanasubiri tuwapishe. Ukilipoteza gari la mbele machoni ni onyo la pili. Sheria ni ya kwako mwenyewe."

"Niliiandika vizuri," akasema Rhona, akaizima redio.

Mafuta kidogo tu yangetosha. Asingehitaji hata mia. Angeuziba ule uwazi kabla ya kona ijayo, angebaki msafarani siku zote tatu, angezifikia zile barabara za pwani ambazo alikuwa akiziota tangu Januari. Lakini kushoto kwake Athol alikuwa ameegemeza mikono yote miwili dirishani, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Rhona hakukiona hata siku walipobeba kombe. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Aliitunga kwa ajili ya wanaotaka kukimbia, ikamkuta yeye anayetaka kutambaa. Mguu aliuacha pale ulipokuwa. Taa nyekundu za daktari wa meno zikaingia kwenye kona, na kona ikanyooka bila taa.

Wakatokea bwawani. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji, miti mikavu imesimama humo, myeupe, na bata maji weusi wakipita katikati yake bila kujali mbio za mtu. Kando ya njia familia nzima nzima zilikuwa zimekaa na mablanketi magotini. Zilipoiona Datsun ya rangi ya chungwa, zilisimama na kushangilia, maana wengine waliikumbuka.

"Wanatupungia!" Athol akasema.

"Walikuwa wakitupungia miaka yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeinua kichwa tungekufa."

Athol akatoa mkono mzima nje akawapungia kila mmoja, mpaka wa mwisho, mpaka mzee mmoja aliyekuwa amesinzia kwenye kiti. Kisha wakaanza kuteremka, taratibu, na foleni nyuma yao ikinuna.

Fergus aliwangoja kwenye bendera ya Nettlefold akiwa amevua kofia. Alibandua namba yao mlangoni kwa kucha, polepole, kama anayembandua mtoto plasta.

"Naona haya," alisema. "Miaka yote ninayoongoza misafara, nimetoa watu kwa kukimbia tu. Sijawahi kumtoa mtu kwa kuchelewa. Tena wewe!"

"Fanya kazi yako, Fergus. Umeifanya sawasawa."

"Tumetolewa?" Athol aliuliza. "Kwa kosa gani?"

"Mmekwenda polepole mno, mzee."

Athol akamtazama Fergus, akamtazama Rhona, akamrudia Fergus. Halafu alicheka mpaka akalazimika kumshika kijana bega asianguke.

"Huyu? Polepole? Kijana, nenda kapime macho!"

Watu waliokuwa karibu wakacheka nao, hata daktari wa meno, na Rhona aliyeapa kwamba angekufa kabla ya kuchekwa na watu wa msafara akajikuta anacheka kuliko wote.

Gwenda alikuwa amezunguka kwa barabara ya bondeni, akawa anawasubiri kwenye ukumbi wa zimamoto. Alimkagua mumewe kola, mikono, viatu, kama mtu anayekagua sahani alizoosha mgeni. Kisha akamkalisha na kumwekea pai ya kombe wa baharini yenye bizari na chai ya maziwa.

"Mzima," Rhona akasema.

"Namwona. Alisoma?"

"Yote. Kuanzia daraja mpaka bendera, hakukosa hata kona moja." Rhona alilazimika kunywa chai kwanza. "Halafu akainua kichwa, Gwenda. Akaiona. Misitu, bwawa, wale bata, watu wakimpungia. Ungemwona alivyokuwa."

Gwenda akaweka mkono mdomoni. Akamgeukia mumewe.

"Uliona nini, Athol? Nisimulie."

Athol alimeza, akamtazama mkewe kwa adabu nyingi. "Wapi?" akasema.

Nje magari ya mashindano yalikuwa yakiingia kijijini moja baada ya jingine kwa makelele. Rhona alikaa akiutazama uso ule mtulivu wenye bizari kidevuni, akaona kwamba bwawa limeshakwenda, na bata, na ule mkono ambao Athol aliutoa dirishani. Havikudumu kuliko pai. Alitamani kulia, na alitamani kumtikisa. Gwenda alichukua leso yake akamfuta kidevu, kwa uzoefu, bila haraka.

Walikaa hivyo mpaka makelele ya nje yakaisha. Gari la mwisho la mashindano lilipita, askari wakaanza kuondoa vizuizi, na trekta ya kwanza ikakata kuelekea mlimani na mzigo wake wa nyasi. Barabara ilikuwa imerudi kuwa ya kila mtu. Athol akainua kidevu, akasikiliza ule ukimya, akakisogeza kiti nyuma.

"Rhona," akasema, "tunaanza saa ngapi?"

Rhona akamtazama Gwenda. Gwenda akaweka kikombe mezani.

"Sasa hivi," akasema Gwenda, akivaa koti. "Ila na mimi naenda. Nakaa nyuma, na ole wako, Rhona Tapsell, upite arobaini."

Athol alikuwa amekwisha kufika mlangoni.